Dada Ngapi Aliyeacha Kigoda cha Lifti

Ndugu waombolezaji, majirani wa mtaa huu na wa ule wa nyuma, mafundi mliotoka kazini na nguo za kazi hivyo hivyo, wanafunzi wake, na ninyi mliosimama nje kwa kukosa viti, familia imekaa mezani siku tatu ikiandika maisha ya dada yetu, imebishana juu ya tarehe mbili, imekubaliana juu ya zilizobaki, na karatasi hii imempa mdogo wake wa mwisho aisome kwa masharti mawili, kwamba asiongeze maneno yake na asiseme "mimi", kwa hiyo kila mtakaposikia ametajwa mdogo wake wa mwisho, mjue ni huyu aliyesimama hapa mbele yenu. Sharti la pili atalitimiza. La kwanza atajitahidi.

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Dada Ngapi, alizaliwa siku ya Jumatano tarehe 14 Agosti 1957, ingawa mama yetu mpaka anaaga dunia alishikilia kwamba ilikuwa tarehe 11 na karani wa kliniki ndiye aliyechelewa kuandika, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa baba yetu, seremala wa milango, na mama yetu, mshonaji wa sare za shule. Alikuwa mtoto wa kuuliza, si kwa utundu wa kutaka kujibizana na wakubwa, bali kwa kutaka kujua kweli, maji yakitoka bombani aliuliza yanasukumwa na nani, redio ikizimwa aliuliza yule msomaji sasa anamsomea nani, na mwishoni mwa mwaka 1966, akiwa na miaka tisa, mama yetu akiwa sokoni, aliifungua cherehani ya nyumbani mpaka chuma cha mwisho, akavipanga vyote juu ya mkeka, akavirudisha kimoja kimoja, na skrubu moja ikabaki mkononi. Cherehani ile ilishona miaka kumi na moja mingine bila skrubu hiyo, na haikujulikana kamwe ilikuwa na kazi gani, jambo ambalo marehemu alisema lilimkera kuliko kipigo alichopata.

Alianza shule ya msingi Januari 1965 akamaliza mwaka 1971, akaingia sekondari Januari 1972, akahitimu kidato cha nne Novemba 1975, na katika ripoti yake ya mwisho, ambayo tunayo, mwalimu wa fizikia aliandika kwamba mwanafunzi huyu anauliza maswali mazuri kuliko majibu anayoyatoa. Akiwa bado kidato cha nne, yeye mwenyewe, bila kusukumwa na mtu, aliandika barua ya kuomba nafasi katika chuo cha ufundi wa mitambo, na kwenye nafasi ya kueleza sababu akaandika mstari mmoja tu, "Nataka kujua vitu vinavyokwenda vinakwendaje."

Majibu yalichelewa, na nyumbani mikono ilihitajika, hivyo tarehe 2 Februari 1976 aliajiriwa kuwa opereta wa lifti katika jengo la ofisi lenye ghorofa kumi na moja, na kwa faida ya vijana waliozoea kubonyeza vitufe, ieleweke kwamba lifti ile haikujiendesha, mtu alikaa ndani ya kabini juu ya kigoda, akafunga mlango wa vyuma, akashika mkono wa shaba uliokuwa ukutani, akiusukuma kulia lifti inapanda, kushoto inashuka, katikati inasimama, na ustadi wote ulikuwa hapo katikati, maana ukiwahi au ukichelewa, sakafu ya kabini hailingani na sakafu ya ghorofa, na abiria wanajikwaa. Neno lake la kazi lilikuwa moja, "Ya ngapi?", alilisema mamia ya mara kwa siku, likamfuata mpaka nyumbani, mama akimwomba amsogezee chumvi anauliza ya ngapi, na hivyo ndivyo jina la Ngapi lilivyompata, kwanza kwa wafanyakazi wa jengo, kisha mtaani, na mwisho kwetu sisi wenyewe.

Barua ya kuitwa chuo ilifika tarehe 19 Machi 1976, wiki sita baada ya kuanza kazi. Aliisoma, akafurahi, akaikunja vizuri, akasema mwakani. Familia inaomba isieleweke vibaya, kazi ile ilikuwa nzuri, ilikuwa ya kukaa na ya kivulini, sare mbili kwa mwaka, mto wa kigoda alimshonea mama, mshahara haukuchelewa hata mwezi mmoja, wakubwa wote wa jengo walimsalimia kwa jina, na nyumbani sisi wadogo tulikula na tukasoma kwa mshahara huo, kwa hiyo alipofika miaka ishirini akasema mwakani, alipofika ishirini na mbili akasema mwakani, si kwa huzuni, kwa raha zake kabisa, na hakuna mtu hapa nyumbani aliyemkumbusha, tuseme ukweli, maana ilitufaa. Uzeeni aliwaambia wanafunzi wake kwamba jambo hilo linaitwa kubweteka, na ubaya wake ni kwamba haliumi popote. Miaka sita alikaa chini ya mashine ambayo hakuwahi kuiona, mashine yenyewe ilikuwa juu ya dari, ngazi kumi na nne tu kutoka ghorofa ya mwisho, na yule mtoto aliyeifungua cherehani hakupanda hata siku moja kuchungulia. Mdogo wake wa mwisho aliwahi kumwuliza iliwezekanaje, akajibu kwamba hata yeye hujiuliza.

Mwezi Novemba 1981 lifti ilianza tabia. Ikijaa watu, ilikuwa ikishasimama inashuka kidogo yenyewe, upana wa vidole viwili, na ikiwa na mtu mmoja au wawili, ilikuwa ikishasimama inapanda kidogo yenyewe, vidole viwili vilevile. Dada Ngapi aliandika taarifa katika daftari la jengo tarehe 23 Novemba, hakuna aliyekuja, naye hakuandika tena, akafanya jambo ambalo opereta mzembe asingeliweza, alijifunza kuidanganya, lifti ikijaa anaisimamisha vidole viwili juu ya sakafu ili ikishuka ilingane, ikiwa na watu wachache anaisimamisha vidole viwili chini ili ikipanda ilingane, na vidole vilipofika vitatu akahesabu vitatu, na kwa karibu miezi minne hakuna abiria aliyejikwaa, hakuna aliyejua, na yeye mwenyewe aliona fahari. Ubovu ulikuwa unakua, na ustadi wake ulikuwa unaufunika.

Siku ya Jumanne tarehe 16 Machi 1982 aliomba ruhusa ya siku moja kwenda kumwona mtoto mchanga wa dada yetu mkubwa, na nafasi yake akashika opereta wa zamu, mtu mwangalifu, ambaye hakujua lolote kwa kuwa hakuambiwa lolote. Saa nne asubuhi alimpandisha mfagizi wa jengo, mama wa makamo aliyeitwa Mama Ndoo, wawili tu humo ndani, akasimamisha sawasawa na sakafu ya ghorofa ya saba kama alivyofundishwa, akafungua mlango, na Mama Ndoo akiwa mguu mmoja nje na mmoja ndani, kabini ikapanda, haikuzidi kiganja kimoja, lakini ikatosha kumtupa mbele pamoja na ndoo yake, akavunjika nyonga. Wasimamizi wa jengo walipomhoji kitandani alisema lifti ilipanda, nao wakatazamana, wakacheka kidogo, wakaandika kwamba mashine mbovu huanguka, haipandi, na kwamba mfagizi alijikwaa kwa uzembe wake mwenyewe.

Dada yetu aliposikia hayo hakulala usingizi mzuri, na siku ya Ijumaa tarehe 19 Machi aliingia kwa msimamizi wa jengo, akaeleza yote, vidole viwili, vidole vitatu, daftari, na ujanja wake, akidhani ataondoka hapo bila kazi. Msimamizi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza swali moja, ilipanda kwa nini, na dada yetu hakujua, na msimamizi akasema hawezi kubadilisha maandishi kwa jambo ambalo hata anayelisema halielewi, akamrudisha kwenye kigoda chake kwa maneno mazuri, kwamba yeye ndiye opereta bora kuliko wote aliowahi kuwa nao. Pedi za breki zilibadilishwa Aprili na fundi aliyekuja asubuhi na kuondoka mchana, na katika karatasi yake akaandika matengenezo ya kawaida. Jumapili iliyofuata ule mkutano na msimamizi dada yetu alikuwa ameshakwenda wodini kwa Mama Ndoo, akamweleza yaleyale, na Mama Ndoo hakumlaumu na hakumsamehe, alivuta shuka, akasema, "Sasa kwa nini ilipanda, mwanangu?" na dada yetu akajibu kwamba hajui, na Mama Ndoo akasema, "Basi ukijua uniambie, maana wananiita mwongo."

Mtadhani aliondoka hapo moja kwa moja hadi chuoni. Hapana, na familia haitampamba. Tarehe 1 Juni 1982 alipandishwa cheo kuwa mkuu wa maopereta, akapewa meza yenye droo mbili, mwezi Agosti akaenda kuchukua fomu ya chuo, akaijaza vizuri mpaka ukurasa wa mwisho, akaiweka katika droo ya chini, chini ya glavu za sare, na tarehe ya mwisho, 30 Novemba, ikapita fomu ikiwa palepale. Wakati huo Mama Ndoo alikuwa amesharudi kazini, tangu Jumatatu tarehe 4 Oktoba, akichechemea, na lifti hakuigusa, alipanda ghorofa zote kumi na moja kwa ngazi, ndoo mkono huu, ufagio mkono ule, na kila asubuhi akipita mbele ya meza ya dada yetu alimsalimia, akamwuliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anavyoulizia mvua, "Umeshajua?" na dada yetu akajibu, "Bado, mama." Zilikuwa asubuhi nyingi, marehemu alisema alizihesabu zikafika sabini, na kwamba angalau Mama Ndoo angekasirika, ingekuwa nafuu.

Siku ya Jumatatu tarehe 10 Januari 1983, baada ya kujibu "Bado, mama" kwa mara nyingine, alisimama, akachukua ufunguo kwa mlinzi, akapanda lifti hadi kumi na moja, akamwachia opereta mwenzake mkono wa lifti, akapanda zile ngazi kumi na nne, akafungua mlango. Aliyoyaona alitusimulia mara nyingi mpaka watoto wake wanayajua kwa moyo, gurudumu kubwa lenye mifereji linalong'aa kwa grisi, kamba sita za chuma nene kuliko kidole gumba zikitoka chini upande huu zikipita juu yake, na hapo ndipo alipokodoa macho, maana siku zote alidhani kamba zinajiviringisha mahali kama uzi kwenye bobini ya cherehani, kumbe hazikujiviringisha popote, zilipita juu ya gurudumu na kushuka tena upande wa pili, gizani, nyuma ya ukuta, na lifti ilipokuwa inapanda kulikuwa na kitu kingine kikubwa humo gizani kinashuka. Miaka sita alikuwa akipishana nacho mara mia kwa siku pasipo kujua kipo. Alikaa humo dakika arobaini akitazama, wakurugenzi wawili wakagombana na opereta kwamba mkuu wake yuko wapi, na jioni yake akapewa barua ya onyo, ya kwanza na ya mwisho maishani mwake, ambayo aliiwekea fremu.

Fomu ya chuo ilisema mwombaji asizidi miaka ishirini na sita siku ya kuanza masomo, maana yake ni kwamba Januari 1984 ilikuwa ndiyo ya mwisho kwake, hakukuwa na mwakani nyingine. Mama yetu alipoambiwa alikaa chini, akauliza ni binti wa nani aliyewahi kuacha kazi ya kudumu, ya kukaa kitini, yenye meza na droo, akaenda kujipaka grisi pamoja na wanaume kwa miaka miwili bila mshahara, na hakuna aliyekuwa na jina la kumtajia. Kulikuwa na mtihani wa hesabu wa kuingilia, na aliyejitolea kumfundisha aljebra alikuwa mdogo wake wa mwisho, wakati huo kidato cha pili na mwenye kujiamini sana, na anakiri mbele yenu leo kwamba alimfundisha vibaya, kwani tarehe 9 Julai 1983 marehemu alipata alama thelathini na nane. Mtihani wa marudio, tarehe 15 Oktoba, alijifunza peke yake ndani ya lifti kati ya ghorofa na ghorofa, akapata sitini na moja. Aliacha kazi tarehe 30 Desemba 1983, msimamizi akamwambia kigoda chake atakikuta, naye akamshukuru akamwomba asikitunze.

Alisoma tangu Januari 1984 hadi tarehe 13 Desemba 1985, mwanamke mmoja katika darasa la watu thelathini na mmoja, alilala chumba kimoja na mapipa ya rangi kwa sababu chuo hakikuwa na bweni la wasichana, alikonda, alichomwa na chuma cha moto mkono wa kushoto, na barua alizotuandikia zilikuwa zimejaa michoro kuliko habari za afya yake. Alipomaliza hakuja nyumbani kwanza. Jumamosi tarehe 21 Desemba 1985 alikwenda kwa Mama Ndoo na kamba, kapi, na ndoo mbili, akafunga kapi kwenye boriti ya baraza, akapitisha kamba, ndoo huku na ndoo huku, ya kwanza akasema ni kabini, ya pili akaijaza mchanga nusu, akasema hiki ni chuma cha uzani kinachokaa nyuma ya ukuta, huwekwa kizito kuliko kabini tupu ili mashine isichoke, lifti ikijaa watu ndiyo inayokuwa nzito, ikiwa na wawili tu chuma ndicho kizito, na kinachozuia vyote viwili visiende ni breki, sasa mama shika kamba, wewe ndiye breki, sasa legeza. Mama Ndoo akalegeza, na ndoo tupu ikapanda yenyewe mbele ya uso wake. Alimwomba airudie, akairudia, akamwomba tena, na mara ya tatu Mama Ndoo aliketi kizingitini akalia, si kwa sababu ya nyonga.

Dada yetu aliyaandika hayo kwa kurasa nne na michoro miwili, akayapeleka kwa msimamizi yuleyule, na tarehe 17 Februari 1986 jengo lilimwandikia Mama Ndoo barua yenye maneno haya, "Aliyoyasema mfagizi ni kweli, na maandishi ya awali yamefutwa." Mama Ndoo aliiweka barua hiyo ndani ya kitabu chake cha sala mpaka alipofariki mwaka 2009. Kuhusu lifti, alikubali kuipanda mara moja, pamoja na dada yetu, hadi ghorofa ya nne, akasema sasa ameelewa, akashuka kwa ngazi.

Tarehe 3 Machi 1986 marehemu aliajiriwa na kampuni ya lifti chini ya fundi mzee aliyekataa kumwita kwa jina kwa mwaka mzima na baadaye akamwachia masanduku yake yote ya vifaa, akapata leseni mwaka 1989, akawa mkaguzi wa lifti mwaka 1997, akafundisha jioni katika chuo kilekile kuanzia 2001, na akastaafu tarehe 14 Agosti 2017, akikataa keki kwa sababu ilibandikwa namba sitini. Mwaka 1987 lile jengo la kwanza liliwekewa lifti za vitufe, maopereta wote wakaambiwa waende nyumbani, na aliyekuja kufunga mitambo hiyo alikuwa yeye, jambo ambalo halikumfurahisha kama mnavyodhani, alizunguka na vyeti vyao mwezi mzima akiwatafutia kazi, na yule opereta wa zamu wa siku ya ajali alifundishwa naye na akawa fundi mpaka alipostaafu, tumemwona asubuhi hii ameketi pale nyuma.

Ndoa yake ilitokana na kukwama. Mwezi Mei 1987 fundi cherehani mmoja alikuwa anapeleka suruali ya mteja ghorofa ya tisa, lifti ikasimama katikati, akakaa gizani dakika hamsini, na dada yetu alipomtoa hakumpa pole wala maji, alimwuliza, "Kabla haijasimama ulisikia nini?" na yule bwana, badala ya kukasirika, akamwelezea mlio huo kwa utaratibu, mwanzo wake, kati yake na mwisho wake, mpaka dada yetu akakaa chini kwenye ngazi kumsikiliza. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 10 Desemba 1988, gauni akalishona bwana harusi mwenyewe, wakajaliwa watoto watatu, binti aliyezaliwa 1990, mtoto wa kiume 1993, na binti wa mwisho 1998, na wajukuu wanne. Shemeji yetu ametuomba tuongeze kwamba katika miaka thelathini na minne hakuna siku aliyorudi nyumbani akakosa kuulizwa swali.

Maradhi yalianza Septemba 2021, moyo ukashindwa kusukuma vizuri, miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi, naye akawauliza madaktari maswali mengi kuhusu vali na shinikizo hata mmoja wao akamletea kitabu. Ijumaa tarehe 26 Mei 2023 alizidiwa, akalazwa ghorofa ya nne, na wakati anatolewa katika lifti ya hospitali, akiwa na msukuma kitanda peke yake, alihisi magurudumu ya kitanda yakidondoka kidogo pale mlangoni, badala ya kupita sawa. Alimwita muuguzi, akasema kabini imepanda, breki inakwisha, wafunge lifti, na muuguzi akamjibu kwa upole, "Pumzika mama, mafundi wapo, hiyo si kazi yako," na dada yetu, aliyekuwa akihangaika na pumzi, akamwambia kwamba maneno hayo aliwahi kuyaamini na aliyelipa ni mtu mwingine. Jumamosi akasema tena. Jumapili akakataa chakula mpaka fundi apigiwe simu. Sisi watoto wa mama yake tulimsihi aache, kwa sababu tulijua jambo ambalo naye alilijua, kwamba vipimo vyake vyote vya moyo vilikuwa ghorofa ya chini, na mtu wa hali yake bila lifti hashuki wala hapandi ila kwa shida kubwa.

Jumatatu tarehe 29 Mei fundi wa hospitali, kijana asiyemjua, alipanda kwenye mitambo ili kuwaridhisha tu, akakaa huko nusu saa, akashuka, akazima lifti, akaja wodini akasimama miguuni pa kitanda na kofia mkononi, akasema pedi zimebaki unene wa kucha. Dada yetu alimwuliza ni upande mmoja au pande zote mbili. Akasema zote mbili. Tangu hapo kifaa kiliagizwa, lifti ikabaki imefungwa, na vipimo viwili kati ya vitatu vikafanyika kwa kumbeba kwenye kiti, cha tatu kikaahirishwa. Familia imemwuliza daktari mara mbili kama kipimo hicho kingemwokoa, na mara zote mbili amesema hapana, moyo ulikuwa umefika mwisho wake, nasi tumeamua kumwamini, ingawa mdogo wake wa mwisho anakiri kwamba bado anajiuliza. Marehemu hakujiuliza. Jumamosi jioni, tarehe 3 Juni, alitusikia tukinong'ona hayo mlangoni, akatuita, akasema katika siku tatu alizolala pale kabla lifti haijafungwa alihesabu kina mama kumi na mmoja waliopita na watoto wachanga mikononi wakielekea lifti, akauliza tulitaka afanye nini.

Dada yetu alifariki siku ya Jumapili tarehe 4 Juni 2023, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano, mume wake na binti yake wa mwisho wakiwa kando yake. Lifti ilikuwa bado imefungwa, na hivyo tulimshusha kwa ngazi, mwanawe na fundi yule kijana mbele, shemeji yetu na mdogo wake wa mwisho nyuma, ghorofa nne, tukipumzika kila kona, na katika kila ghorofa tuliwakuta watu wamejibana ukutani kutupisha, wagonjwa, wauguzi, kina mama na watoto wao, hawakumjua ni nani, baadhi yao walikuwa wanalalamikia ngazi, na walipouona mwili wakaacha. Hakuna aliyewaambia. Tunawaambia ninyi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ile, hasa muuguzi yule aliyekuja siku ya pili kumwomba radhi, inawashukuru wale wote waliopanda ghorofa nne kumtazama kwa siku saba wakihema, pamoja na jirani mmoja aliyelalamika kila siku na kila siku akaja, inawashukuru mafundi wenzake, wanafunzi wake wa miaka yote, majirani waliotupikia na kutulazia wageni, na fundi kijana wa hospitali, ambaye ametutumia ujumbe asubuhi hii kwamba pedi mpya zimefika, amezifunga, na amejaribu lifti mara ishirini, tupu na ikiwa imejaa, na inasimama palepale.

Dada yetu mpendwa, maswali yako tumebaki nayo, wala hatukusihi tena uyaache. Ulale kwa amani, upumzike.